Hezi Arobaini na Moja

Mota ileile iliporudi mara ya tatu, sikuhitaji kuifungua. Niliinusa tu. Ilikuwa imefungwa kwa mipira nyuma ya bodaboda, imefunikwa kiroba, na dereva hata pikipiki hajaizima akaniambia, "Dada fundi, wamesema imeungua tena. Na wamesema safari hii uisuke vizuri."

Uisuke vizuri! Kwani zile mara mbili niliisuka nimelala? Nilimwambia aishushe taratibu aende zake, asiniletee maneno ya watu. Akacheka, akaondoka. Mimi nikabaki pale mlangoni hasira zimenijaa, na kusuka hakutaki hasira, kwa hiyo siku ile sikugusa kitu.

Nasuka mota hapa Mpanda, kwenye banda la mabati nyuma ya soko. Mota ikiungua natoa nyaya za shaba zilizoiva, nahesabu mizunguko yake, nasuka mpya, namwagia vanishi, nakausha, nafunga. Kazi hii nilifundishwa na mzee mmoja ambaye sasa ni marehemu, na alikuwa na utaratibu ambao hakuuacha hadi mwisho: kila skrubu aliyoirekebisha, akimaliza, aliitia tone la rangi nyekundu ya mafuta. Hiyo ndiyo ilikuwa lakiri yake. Mtu mwingine akija kuchokonoa, rangi inapasuka, fundi anajua kazi yake imeingiliwa. Mimi nikaona rangi ya mafuta inachelewa kukauka na inachafua mfuko, nikaanza kutumia rangi ya kucha. Zambarau. Kichupa kidogo, brashi yake humohumo. Wanaume wa gereji ya jirani walinicheka wee mpaka wakachoka. "Dada, mota nayo inakwenda harusini?" Nikawaambia ndiyo, inakwenda kuolewa, ila nyie hamjaalikwa. Tangu siku hiyo zambarau sijaibadilisha.

Kesho yake, hasira zikiwa zimepoa kidogo, niliigeuza ile mota. Lakiri zangu zote nne nzima. Hakuna aliyeifungua. Nikaifungua mwenyewe, nikakuta koili nyeusi zote, sawasawa, duara zima, kama mahindi yaliyosahauliwa kwenye kikaango. Hapo mtu asiyejua atasema fundi kasuka vibaya. Uongo mtupu! Kosa la msukaji linaunguza mahali pamoja: waya umekwaruzwa, unagusana na mwenzake, panatoboka. Waya mmoja wa umeme ukikatika njiani, baadhi ya koili zinaungua na nyingine zinabaki njano. Lakini zikiiva zote kwa usawa namna ile, mota imepikwa polepole kwa umeme usioifaa.

Na umeme si volti peke yake. Jamani, hili nimelisema hadi sauti imekauka. Watu wetu volti wanazijua, kila mtu atakutajia mia mbili na thelathini. Waulize kuhusu hezi, wanakutazama kama umewatukana. Umeme wetu unatakiwa upige mizunguko hamsini kwa kila sekunde, na hiyo hamsini ndiyo hezi. Jenereta inazipata hezi zake kwenye mwendo wa injini. Ukipunguza resi, hezi zinashuka, hata kama mshale wa volti umesimama palepale unakuchekea. Mota ikipewa volti kamili kwa hezi pungufu, inavuta umeme kuliko uwezo wake, na feni yake ya kujipooza nayo inazunguka kivivu. Itasaga leo, itasaga kesho, siku moja inatoa moshi. Halafu analaumiwa nani? Msukaji.

Hapa hapa mjini kuna mtu alinunua jenereta ya mtumba kutoka ng'ambo, kibao chake kimeandikwa sitini. Sitini! Imetengenezwa kwa nchi nyingine, kwa mwendo mwingine. Akaishusha resi hadi hamsini, akainua volti kwa bisibisi zirudi pale zilipokuwa, na akaibebesha mzigo wote ulioandikwa kwenye kibao. Nikamweleza kwamba ukiitembeza kwa hamsini, nguvu zake zinapungua na volti nazo lazima uzipunguze, la sivyo itajichemsha yenyewe. Akaniuliza, "Kwani taa haziwaki?" Nikasema zinawaka. "Sasa shida iko wapi, dada?" Nilichukua mkoba wangu nikaondoka, maana ningebaki pale ningesema jambo ambalo padri wangu asingelipenda.

Ile mota iliyorudi mara tatu ilitoka Litapunga, kwa kikundi cha akina mama wenye mashine ya kusaga. Wengi wao ni wa familia zilizokuja kutoka Burundi zamani, sasa ni raia kama mimi, na ile mashine waliihangaikia miaka. Kabla yake walibeba mahindi kichwani kwenda kusaga mbali, kutwa nzima inaishia njiani. Nguzo za umeme hazijafika kwao, wanatumia jenereta. Walikuwa wameinunua mkononi kwa mtu mmoja wa Kabungu, wakaipaka rangi ya kijani, wakaijengea kibanda. Mwenyekiti wao ni mama mmoja mtu mzima, mpole, ambaye ndiye aliyenipa kazi mara ya kwanza wenzake walipotaka apewe mwanaume.

Nilimpigia simu. "Mama, mota haina kosa. Jenereta yenu ndiyo inaiua."

"Jenereta haijatusumbua hata siku moja, mwanangu. Taa zinawaka vizuri kabisa."

"Mama, achana na taa."

Akasema, "Jumamosi asubuhi tuna kikao. Njoo na mota, useme mbele ya watu wote. Wenzangu wanasema ni mkono wako mbaya. Mimi nimekutetea mara mbili. Ukishindwa kueleza, mara ya tatu sitaweza."

Sasa mtu asiyeishi kwa ufundi hawezi kujua maneno hayo yanachoma wapi. Sina kibao barabarani, sina tangazo redioni. Nina jina tu. Litapunga wakisema mkono wangu mbaya, wiki haiishi Inyonga wameshajua, na mwanamke kwenye kazi hii akianguka mara moja watu wanafurahi, wanasema tulijua. Nikaisuka ile mota mara ya tatu, vilevile kama nilivyoisuka mara ya kwanza, maana hakukuwa na cha kurekebisha. Nikatia lakiri zangu. Jumamosi nikaipakia kwenye bodaboda, nikapanda nyuma yake nimeikumbatia kama mtoto mgonjwa, na mita yangu ya kupimia umeme nimeivaa shingoni.

Tulipofika nilimwomba dereva azime pikipiki kabla hatujafika kwenye kibanda, ili niisikilize jenereta. Ilikuwa inafanya kazi bila mota, inawasha taa tu na kuchaji simu za watu. Nikaisikia. Ilikuwa inanguruma chini, kwa uzembe, tu-tu-tu-tu, unaweza hata kuhesabu. Injini ya hamsini hailii hivyo.

Mwendesha jenereta alikuwa anaifuta kwa kitambaa. Mwanaume wa makamo, zamani alilima tumbaku, mkimya, na ile mashine aliipenda, ukweli usemwe. Haikuwa na tone la mafuta nje. Kwenye paneli kulikuwa na vioo vitatu, na kimoja kilikuwa kimezibwa kwa stika ya timu ya mpira.

"Hapo chini ya stika kuna nini?" nikamuuliza.

"Hicho hakina kazi, dada fundi. Sindano yake ilikuwa inashuka shuka inanichanganya akili."

Nilitamani kulia. Kioo cha hezi, kioo pekee ambacho kingemwambia ukweli, kakibandika timu yake! Nikaunga mita yangu kwenye soketi, nikazungusha kitufe. Volti mia mbili na thelathini, safi kama maji ya chupa. Nikabonyeza hezi. Arobaini na moja.

Akina mama walikuwa wameshakusanyika kwenye mabenchi nje ya kibanda. Niliinyanyua mita juu nikawaonyesha mmoja mmoja, nikapita nayo benchi hadi benchi. Nikawaeleza kama nilivyoeleza hapa. Nikawaambia inatakiwa hamsini, hii ni arobaini na moja, na kwa hali hii hata mkileta fundi kutoka mbinguni mota itaungua. Mmoja wa nyuma akasema mita yenyewe ni ya Kichina. Nikamwambia na simu yako ni ya wapi, mbona unaiamini ikisema saa? Wakacheka, na hapo nikaona upepo umeanza kugeuka upande wangu. Na mimi sikuwa na huruma siku ile. Nilikuwa nimetukanwa mara tatu kwa kosa la mtu mwingine, na mtu mwenyewe ndiye huyo hapo na kitambaa mkononi.

"Nani alikwambia ushushe resi?" nikamuuliza mbele ya wote.

"Hakuna. Nilitaka kubana mafuta. Kikundi kilinisifu, tulikuwa tunamaliza dumu baada ya siku tatu, sasa linakwenda hadi nne."

"Unabana mafuta kwa kuunguza mota?"

"Sikujua kama ni hiyo, dada." Alikuwa anajikunjia kile kitambaa vidoleni. "Aliyetuuzia alinifundisha kitu kimoja. Aliniambia, angalia taa. Ukishusha resi kupita kiasi, taa zitafifia, hapo ongeza. Mimi nilishusha kidogo kidogo, nikingoja taa ziniambie. Hazikufifia. Nikashusha tena. Hazikufifia. Kila siku naziangalia, dada, naapa."

"Taa! Taa zinajua nini?" Nikawageukia akina mama. "Mtu kama huyu hafai kuachiwa mashine. Mtaleta mota kila mwezi. Mtafuteni mwingine."

Mama mwenyekiti akaniuliza kwa upole kama nina uhakika. Nikasema ninao. Akasema basi kikao kitaamua leo hii, na kama ni yeye, atakabidhi ufunguo. Yule mwanaume alikaa kwenye tairi bovu lililokuwa pale, akatazama chini.

Nilitakiwa kunyamaza hapo. Nilikuwa nimeshinda. Lakini mimi nikikasirika sijui kuacha, nataka kila mtu aone mpaka mwisho. Na kulikuwa na jambo moja lililonisumbua kama fundi: taa zake kweli zilipaswa kufifia. Ndani ya jenereta ya namna ile kuna kisanduku kidogo cha kulinda volti. Kinapoona injini imechoka, hezi zimeshuka, kinaziachia volti zishuke nazo makusudi, ili vitu visiungue. Taa zinafifia, watu wanapiga kelele, mwendeshaji anaongeza resi. Kufifia kule ndiko kulalamika kwa jenereta. Yule muuzaji wa Kabungu hakumfundisha vibaya hata kidogo. Kama taa hazififii hata kwa arobaini na moja, maana yake kuna mtu aliingia ndani akaiziba mdomo.

Nikasema kwa sauti, "Na huyu hakuanza jana. Kuna skrubu ndani humu imechezewa. Izimeni, niwaonyeshe. Aliyefanya hivi si fundi, ni muuaji wa mota."

Ikazimwa. Kukawa kimya, unasikia kuku tu. Nikatoa kifuniko cha nyuma, skrubu nne zenye kutu, nikaingiza kichwa na kurunzi ya simu. Kisanduku kilikuwa kimejaa vumbi. Nikalipuliza. Nikaitafuta skrubu ndogo ya pembeni, ile ya kuamua volti zianze kushuka kwa hezi ngapi.

Ilikuwa na tone la rangi juu yake. Zambarau.

Sikuelewa mara moja. Nilidhani ni kivuli. Nikaigusa kwa ukucha, na ukucha wangu siku hiyo ulikuwa na rangi hiyohiyo, na nikaiona harusi.

Kabungu, miaka ile nikiwa mwanafunzi wa yule mzee. Jenereta hiihii ilikuwa ya njano wakati huo, ya kukodisha kwenye sherehe. Kila spika zikipiga besi, taa za ukumbini zilikuwa zinafifia, wageni wanazomea, baba wa bibi harusi anamfokea mwenye jenereta. Mwalimu wangu alikuwa ameitwa ndani kula pilau. Kabla hajaingia aliniambia, "Ile skrubu ya pembeni usiiguse." Nikaigusa. Niliizungusha hadi mwisho, taa zikatulia, watu wakapiga makofi, bibi harusi akaniletea soda kwa mkono wake. Nilikuwa msichana mdogo kati ya wanaume, na ukumbi mzima ulikuwa unaniita fundi. Nikajiambia taa na spika hazina mota, haina madhara, nitairudisha kesho. Nikatia tone langu la zambarau, na kesho yake tulikwenda kazi nyingine.

Nikiwa na kichwa ndani ya ile jenereta, nilijua kwamba hakuna mtu mwingine pale anayeijua hiyo rangi ni nini. Ningeweza kuikwangua kwa ncha ya bisibisi, sekunde mbili tu. Yule bwana angekabidhi ufunguo, mimi ningerudi Mpanda na jina langu safi. Nilifikiria hivyo, sitaficha. Nilifikiria kwa muda mrefu kiasi kwamba mama mwenyekiti akaniita, "Mwanangu, umeona nini humo?"

Nikatoa kichwa. Nilikuwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Yule mwanaume alikuwa bado amekaa kwenye tairi, kakishika kile kitambaa kwa mikono miwili.

"Ni mimi," nikasema.

Hawakuelewa. Ikabidi niseme yote, harusi, besi, pilau ya mwalimu, soda, na nikawaonyesha kucha zangu na kuwaita waje waone mmoja mmoja, kama nilivyowaonyesha mita. Walikuja. Waliinama mmoja mmoja na kurunzi, wakatazama, wakarudi kwenye mabenchi. Nikamwambia yule bwana, "Kaka, ulikuwa unaangalia kitu sahihi. Mimi ndiye niliyekiharibu. Naomba unisamehe."

Hakuniambia amenisamehe. Alisema tu, "Rudisha basi, nione."

Nikairudisha. Akawasha, nikamwambia ashushe resi polepole. Nilitazama mita. Ilipofika arobaini na saba, taa ya kibandani ikaanza kuwa nyekundu, ikafifia kama mtu anayesinzia, na mabenchi yote yakapiga kelele kwa pamoja, "Ongeza! Ongeza wewe!" Akaongeza. Ikarudi nyeupe. Akashusha tena, wakapiga kelele tena. Alifanya hivyo mara tatu, na mara ya tatu alikuwa anacheka peke yake na machozi yanamlenga. Ile stika ya timu akaibandua bila kuambiwa.

Mota tukaifunga, ikasaga. Inasaga hadi leo. Ufunguo alibaki nao.

Wakati najiandaa kuondoka, mama mwenyekiti alinisindikiza hadi kwenye pikipiki. Nilikuwa namngoja anitukane, ningeona afadhali. Akanishika mkono, akazitazama kucha zangu, akasema, "Mwana wanje," yaani mwanangu kwa Kirundi, "na harusi nyingine?"

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nazitaja kichwani. Kwa sababu baada ya ile ya Kabungu sifa zilisambaa. Yule binti anayejua kuzuia taa zisififie, mwiteni. Wenye jenereta za sherehe walinitafuta, na mimi nilikwenda, nikazungusha, nikatia tone. Ndivyo nilivyoanza kujulikana, hata kabla sijasuka mota yangu ya kwanza. Na jenereta ya sherehe ikichakaa haitupwi, inauzwa: kwa mwenye mashine ya kusaga, mwenye pampu, mwenye friji la samaki. Zile mota zote nilizosuka miaka hii nikiwasema watu kwa ujinga wao, sijui ni ngapi nilizipika mwenyewe.

Sasa nazitafuta. Nafunga banda siku moja kwa wiki, nauliza nani aliuziwa, nani alimuuzia nani. Nimezirudisha tatu. Ya nne niliipata Inyonga, kwa mzee anayeitumia kuendesha kinu cha kukoboa. Mota yake imeungua mara mbili mwaka huu, na kaniambia mafundi wa kusuka wa Mpanda ni matapeli watupu. Nikamwambia sawa mzee wangu, naomba nifungue hapa nyuma kidogo. Akanisimamisha kwa mkono.

"Hapo usiguse, binti," akasema. "Taa zangu hazijawahi kufifia. Aliyeirekebisha hii ndiye alikuwa fundi."